Sura ya Saba: Ndugu wa Chai

Anayeishi Limuru, Kericho, Mufindi au Lushoto hupita kando ya kamelia kila siku, ila haiiti kamelia. Anaiita chai. Wataalamu wa mimea wanaiandika Camellia sinensis tangu Otto Kuntze alipoihamishia katika jenasi hiyo mwaka 1887. Kabla ya hapo chai ilikuwa na jenasi yake, Thea, iliyotajwa na Linnaeus mwaka 1753; ndiye pia aliyeipa kamelia jina la Georg Joseph Kamel, mmisionari Mjesuti aliyekuwa akitibu watu na kukusanya mimea huko Ufilipino.

Shambani hatuyaoni maua ya chai kwa sababu mchumaji haachi nafasi. Kila baada ya siku kadhaa majani mawili na chipukizi lake vinaingia kikapuni, na kila baada ya miaka michache kichaka kizima kinapogolewa. Lakini nenda mpakani mwa shamba, kwenye mche uliosahaulika karibu na mtaro, ambao haujaguswa na kisu kwa muda mrefu. Umeshakuwa mti. Inua tawi lake uangalie upande wa chini: maua meupe yenye upana wa sentimita tatu au nne, yameinama, na katikati yake stameni za manjano zimesongamana. Ua hilo likiwa kubwa mara tatu, likaongezwa petali na kutiwa wekundu au rangi ya waridi, ndiyo kamelia ya bustani, Camellia japonica.

Undugu huu ndio msingi wa sura hii. Karibu kila kitu ambacho kamelia inadai, mkulima wa chai anakijua tangu utotoni. Na mengi yanayoiua kamelia mlangoni mwa nyumba ni mambo ambayo mkulima huyohuyo hawezi kuyafanya katika shamba lake la chai. Mmea ukishakuwa wa thamani, watu huudekeza. Wanaumwagia majivu, wanaurundikia samadi mbichi, wanaupalilia kwa jembe kila Jumamosi, wanauweka juani ili uonekane na wapita njia. Kisha majani yanageuka manjano, na lawama inatupiwa hali ya hewa.

Kuiua kamelia kwa huruma ni jambo la zamani. Huko Uingereza, miongoni mwa watu wa kwanza kuiona ikichanua alikuwa Lord Petre wa Thorndon Hall, Essex, mnamo mwaka 1739. Mmea umetoka Asia ya mbali, wakadhani ni wa nchi za joto, wakauweka katika nyumba ya vioo iliyopashwa moto. Inasimuliwa kuwa joto hilo ndilo lililoiua. Iweke habari hiyo kando ya nyingine, ya Pillnitz karibu na Dresden, Ujerumani. Hapo kuna kamelia iliyopandwa ardhini mwaka 1801, ambayo sasa ina urefu wa karibu mita 9. Januari 1905 kibanda cha mbao walichokuwa wakiifunika nacho kiliwaka moto. Baridi ilikuwa kama nyuzi 20 chini ya sifuri, maji ya wazima moto yakaganda juu ya matawi, na barafu hiyo ikaukinga mti. Ulipukutisha majani, ukachipua tena, na hadi leo unachanua. Tangu mwaka 1992 hufunikwa wakati wa baridi kwa nyumba ya vioo inayosukumwa juu ya reli, ambamo joto halizidishwi: nyuzi 4 hadi 6 zinautosha.

Kwa hiyo jambo la kwanza ni mahali. Kamelia hufunga matumba wakati wa joto la wastani, lakini ili matumba yafunguke vizuri inahitaji usiku wa baridi. Nyanda za juu zinazolima chai zina hali hiyo: Limuru na Kericho, Mufindi na Njombe, Lushoto, Rungwe, Fort Portal nchini Uganda, Gisakura nchini Rwanda, Teza nchini Burundi. Kadiri unavyopanda juu ya mita 1,500 ndivyo unavyokuwa na matumaini zaidi, na kwetu kusini mwa ikweta msimu wa kutazamia maua ni ule wa baridi, Juni hadi Agosti. Msomaji wa Mombasa, Dar es Salaam, Unguja au Muscat namshauri bila kuzunguka: usitumie fedha yako kwa kamelia. Mti unaweza kuishi miaka kadhaa kivulini, lakini hautakupa maua ya kukuridhisha, na pwani ina asmini na kilua, ambazo harufu yake kamelia nyingi hazina hata kidogo.

Sasa udongo, na hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa udongo ukikosewa hakuna mbolea wala dawa itakayorekebisha mambo.

Kamelia inataka udongo wenye asidi, pH ya 5 hadi 6.5. Udongo ukiwa na chokaa nyingi, chuma kilichomo hakiyeyuki, na mizizi inashindwa kukinyonya ingawa kipo tele. Dalili yake ni rahisi kuitambua. Chukua jani changa ulielekeze kwenye mwanga: vena zinabaki za kijani kibichi, huku sehemu zilizo kati yake zikiwa za manjano, kama wavu uliochorwa juu ya karatasi. Ukiona hivyo usikimbilie yurea. Mmea hauna njaa ya naitrojeni. Umezungukwa na chakula usichoweza kukila.

Wakulima wa mahindi wanauogopa udongo wa asidi kali, na wana sababu. Asidi inapozidi, aluminiamu iliyo katika udongo huyeyuka na kudumaza mizizi ya mahindi. Chai ni tofauti kabisa. Inainyonya aluminiamu hiyo, inaihifadhi katika majani yake mazee, na hata hukua vizuri zaidi inapoipata. Ndiyo maana kipande cha ardhi kilichowashinda wazee kwa mahindi kinaweza kuwa ndicho kinachofaa kwa kamelia. Kabla ya kununua mche, peleka sampuli ya udongo ikapimwe, au mwombe bwana shamba akusaidie. Kama huna nafasi hiyo, tazama haidrenjia za majirani. Zikiwa za buluu, udongo una asidi na aluminiamu inapatikana. Zikiwa za waridi, jihadhari.

Tatizo ni kwamba hata katikati ya nchi ya chai, udongo wa mlangoni mara nyingi si ule wa shambani. Miaka mingi majivu ya jikoni yamekuwa yakimwagwa palepale nyuma ya nyumba. Majivu ni mazuri kwa sukuma wiki na migomba, lakini hupunguza asidi, na kwa kamelia ni sumu ya polepole. Halafu kuna mafundi. Nyumba ikishapigwa lipu, mabaki ya saruji, chokaa na vipande vya matofali hufukiwa kando ya ukuta, kisha mwenye nyumba anachagua mahali hapohapo kwa ajili ya ua lake zuri. Kila mvua inayonyesha inayeyusha chokaa kidogo na kuipeleka kwenye mizizi. Panda mbali na ukuta, mita mbili au zaidi, na ukichimba ukakuta saruji, hamia kwingine.

Maji nayo yaangalie. Kisima kirefu kinachoacha ukoko mweupe ndani ya birika kina maji yenye chumvi za kalsiamu; ukimwagilia nayo kamelia mwaka mzima, unaongeza chokaa ndoo kwa ndoo. Kinga maji ya mvua kutoka kwenye bati, hata kama ni pipa moja, uyaweke kwa ajili ya mche huo.

Kuhusu mbolea, wengi wana mfuko wa CAN stoo, na wanadhani mbolea ni mbolea. Herufi ya kwanza katika jina hilo ni kalsiamu, na kalsiamu hiyo hutokana na chokaa. Tumia salfeti ya amonia, yaani SA, au ile NPK 26:5:5 inayotumiwa na wakulima wadogo wa chai nchini Kenya, lakini kwa kiasi cha mmea wa bustani. Chai hulishwa sana kwa sababu huchumwa majani mwaka mzima. Kamelia haichumwi. Kichaka cha kimo cha goti kinatosheka na kijiko kimoja cha chakula, kinyunyizwe mbali na shina, udongo ukiwa na unyevu, mara baada ya maua kwisha. Matumba yakishaanza kuvimba usiongeze kitu.

Kupanda kwenyewe si kazi kubwa, ila kuna sharti moja ambalo watu hulipuuza kwa sababu linakwenda kinyume na mazoea yetu. Tumezoea kuchimba shimo refu, kujaza samadi na kuzika mche hadi shingoni. Kamelia hailiwezi hilo. Chimba shimo lenye upana mara mbili ya chombo cha mche, lakini kina chake kisizidi kimo cha udongo ulio katika chombo, ili mche usimame juu ya ardhi ngumu isiyodidimia. Ukimaliza, sehemu ya juu ya bonge la mizizi iwe imeinuka sentimita tatu au nne juu ya usawa wa ardhi. Mche uliofukiwa shina hauanguki mara moja. Unadumaa, unapukutisha jani moja moja, na baada ya mwaka au miwili umekauka, wakati mwenyewe ameshasahau alivyoupanda. Panda mwanzoni mwa masika, ili mvua ikufanyie kazi ya kumwagilia. Udongo mwekundu wa milimani unaopitisha maji ndio bora. Udongo mweusi wa mfinyanzi unaotuamisha maji usiujaribu, afadhali upande katika chungu kikubwa chenye matundu.

Sababu ya yote hayo iko chini ya majani makavu. Funua matandazo chini ya kamelia iliyokomaa, kisha papasa udongo kwa ncha za vidole. Hutahitaji kuchimba. Mizizi inayolisha mti iko palepale juu, nyuzi nyembamba za rangi ya kahawia hafifu zilizosukana, nyingine zimepanda hadi ndani ya majani yanayooza. Jembe likipita hapo mara moja tu, limekata kinywa cha mti. Kwa hiyo jembe lisikaribie kamelia hata siku moja. Magugu yang'olewe kwa mkono, na dawa yake hasa ni matandazo yenye unene wa sentimita 5 hadi 8: majani ya mgrivea, mabaki ya chai iliyopogolewa, nyasi kavu zisizo na mbegu au sindano za msonobari. Acha nafasi ya upana wa kiganja kuzunguka shina lenyewe, maana likifunikwa na unyevu wakati wote huoza.

Mgrivea nimeutaja makusudi. Katika mashamba mengi ya chai umepandwa kwa ajili ya kivuli na kuzuia upepo, na kamelia inapenda mwanga wa namna hiyohiyo, uliochujwa na majani. Jua la mchana likiipiga moja kwa moja, majani hubabuka na kupata mabaka ya kahawia. Kivuli kizito cha mwembe nacho kinainyima maua. Mkaratusi usiufikirie, kwa kuwa hautaachia maji. Mahali panapoingia jalidi, usielekeze kamelia kwenye jua la mapambazuko: tumba lililoganda usiku likipashwa joto ghafla asubuhi huwa jeusi, ilhali likiyeyuka taratibu kivulini mara nyingi hupona.

Kisiki ni hatari nyingine ambayo watu wa chai wanaijua vizuri. Pale palipokatwa mti wa msituni na mizizi yake kuachwa ardhini, kuvu aitwaye Armillaria huishi ndani ya mizizi hiyo inayooza, kisha huhamia kwenye mimea iliyo hai. Katika chai ya Kenya ni adui wa siku nyingi. Mche ulioshambuliwa hunyauka bila sababu ya wazi. Ukikwangua gome karibu na ardhi unakuta utando mweupe wenye harufu ya uyoga. Hautibiki. Ng'oa mche na mizizi yake yote, choma, na usirudishie kamelia pale. Ukitaka kupanda palipokuwa na mti, kisiki kitoke kwanza, na mizizi yake ifuatwe kwa sululu hadi iishe.

Malalamiko ninayoyasikia zaidi kutoka kwa waliofanikiwa kuotesha ni kwamba matumba yanadondoka kabla ya kuchanua. Hapa inafaa kujua unachokitazama. Mwishoni mwa kila kitawi kuna vichomozi vya aina mbili. Kile chembamba chenye ncha kali kitakuwa jani na tawi. Kile cha mviringo, kilichofunikwa na magamba ya kijani yaliyopandana, ni ua. Ua hilo hukaa hapo miezi mingi kabla ya kufunguka, na katika miezi hiyo mti hauvumilii kiu. Udongo ukikauka kabisa kwa wiki mbili tu katika kiangazi, mti unaachilia matumba yake ili kujiokoa, lakini hayaanguki siku ileile. Yanaanguka baadaye, wakati umeshaanza tena kumwagilia, na chanzo kinakupotea. Kwa hiyo tia kidole ardhini chini ya matandazo. Pakiwa pakavu, mwagilia ndoo nzima polepole, maji yazame, badala ya kikombe kila jioni. Vitumba vikiwa vitatu vinne vimesongamana mahali pamoja, nyofoa vyote ubakize kimoja. Moyo unasita, lakini ua litakalobaki litakuwa kubwa na halitasukumwa na wenzake.

Kupogoa hufanywa mara maua yanapokwisha, kabla chipukizi jipya halijakomaa, kwa sababu matumba ya mwaka ujao hutokea kwenye tawi la mwaka huu. Anayepogoa kwa panga miezi miwili kabla ya baridi amekata maua yake yote. Hakuna haja ya kukata sana. Ondoa matawi yaliyokufa na yanayosuguana, fungua katikati ndege mdogo aweze kupita, basi.

Wadudu si wengi. Vidukari weusi hukusanyika kwenye machipukizi laini, na wadudu-magamba hujificha upande wa chini wa majani. Wote wawili hutoa utomvu mtamu, na juu yake huota ukungu mweusi unaofanana na masizi. Watu hufuta masizi na kuwaacha wadudu. Anza na wadudu: sabuni ya maji iliyochanganywa kidogo katika ndoo ya maji, ipulizwe jioni upande wa chini wa majani, irudiwe baada ya wiki.

Tukija kwenye kuzidisha miche, nchi zetu zina ujuzi ambao wapenda bustani wa kwingineko wangeutamani. Chai ya Kenya ilianza kwa mbegu, tangu mlowezi aitwaye Caine alipoipanda Limuru mwaka 1903, na mbegu hutoa watoto wasiofanana. Kamelia nayo ni hivyohivyo: mbegu yake inaweza kuchukua miaka mitano hadi saba kabla ya kuchanua, na ua lisifanane na la mama. Vitalu vya chai vilihamia kwenye vipandikizi, na njia yao inaifaa kamelia. Chagua tawi lisilo laini sana wala gumu kama kuni. Kata kipande cha sentimita 4 hivi chenye jani moja la chai, au chenye majani mawili kama ni japonica, kwa wembe au kisu kikali. Kichomeke katika mfuko mwembamba wa nailoni uliojazwa udongo mwekundu wa chini, usio na samadi wala mboji, kwa sababu udongo wenye rutuba hufanya kidonda kivimbe bila kutoa mizizi. Mwagilia, funika kwa karatasi ya nailoni iliyozikwa pembeni isipitishe hewa, juu yake weka kivuli. Subiri miezi mitatu au minne. Kufunua kila wiki ili kuchungulia ndiko kunakoharibu. Unyevu ukishatoka, jani linakauka. Mizizi ikishatoka, funua kidogo kidogo, siku nyingi, mche uzoee hewa. Mama mwenye kitalu cha chai kijijini kwako ameshafanya hivi maelfu ya mara. Mfuate umsikilize.

Ushauri wangu kwa anayeanza ni huu: usianze na kamelia ya bei. Anza na mche mmoja wa chai, uupande pale unapotaka kamelia yako iwe, usiuchume, uuache uchanue. Ukistawi, mahali panafaa. Mwenye bahati ya kupata TRFK 306, chai ya zambarau iliyotolewa kwa wakulima na watafiti wa Kericho mwaka 2011, atapata kichaka chenye machipukizi ya rangi ambayo bustani nyingi za Ulaya hazina. Baada ya hapo tafuta Camellia sasanqua, yenye maua mepesi na inayovumilia jua kidogo zaidi, kisha japonica. Mahuluti ya williamsii, yaliyotokana na kazi ya J. C. Williams huko Cornwall, yana sifa moja ninayoipenda: ua likichoka huanguka lenyewe, halibaki limekauka mtini.

Na mche upatikane kwa njia halali. Mtu akitembelea ndugu zake Ulaya au Marekani, akaona kamelia imechanua, ni rahisi kukata kitawi, kukifunga kwa karatasi yenye maji na kukiweka sandukuni. Tafadhali usifanye hivyo. Kuna ukungu wa petali, ambao ulianza kujulikana Japani na baadaye ukafika Marekani, New Zealand na Ulaya. Kuna malengelenge ya majani ya chai, yaliyoingia Sri Lanka mwaka 1946 na kuyasumbua mashamba ya Asia, na ambayo mpaka leo si ugonjwa wa mashamba ya Afrika. Kamelia yako ni ndugu wa damu wa chai, na chai ni ada za shule na chakula cha kaya zaidi ya 600,000 za wakulima wadogo nchini Kenya peke yake. Kibali cha kuingiza mmea hutolewa na KEPHIS nchini Kenya na TPHPA nchini Tanzania. Kiombe kabla ya safari, na muuzaji asiyeweza kukuambia mche wake umetoka wapi, usinunue kwake.